Kriketi ya Kenya: tulibadilisha jina, nyumba ikabaki ile ile

Najua nimewapotea wiki mbili nzima, msinilaumu, ni CAT juu ya CAT na lekcha mmoja ambaye hajui kama wanafunzi nao hulala. Leo nimeiba saa mbili ili niwaandikie jambo ambalo limenikaa kichwani tangu Alhamisi.

Alhamisi jioni tulikuwa mess, ugali na sukuma kama kawaida, watu wanabishana mpira wa Uingereza. Mimi nikachokoza. Nikasema Kenya hii yetu imewahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Meza nzima ikacheka.

"Wee, acha uongo. Kombe la Dunia la nini?"

"La kriketi."

"La watoto?"

"La wakubwa. Mwaka 2003, Durban, tukacheza na India."

Ilibidi nitoe simu niwaonyeshe matokeo ndipo wakanyamaza. Halafu jamaa mmoja, anayesoma uhandisi na ambaye sikudhani anajali, akauliza swali moja tu: "Sasa ilienda wapi?"

Nilijibu kijuujuu, lakini nilipofika chumbani niliona sikumjibu. Mimi nasoma historia, na swali la "ilienda wapi" ndilo kazi yangu. Tena ninalo jingine la kunisumbua: Jumamosi hii klabu ya michezo ya hosteli yetu inakutana kupitisha katiba mpya na jina jipya, na mimi nimo kwenye kamati iliyoiandika. Kwa hiyo nilivyokuwa nikisoma habari za kriketi nilikuwa nikijisoma mwenyewe pia. Haya, twende polepole.

Mchezo ulioingia kwa milango miwili

Kriketi ililetwa hapa na Waingereza, hilo halina ubishi. Kuanzia 1910 kulikuwa na mechi ya kila mwaka kati ya maafisa wa serikali na walowezi. Wahindi nao walikuwa na timu zao, na kuanzia 1933 kukawa na mechi ya Wazungu dhidi ya Waasia. Angalieni hapo vizuri. Mchezo ulipangwa kwa rangi na kwa klabu, kila jamii na uwanja wake, baa yake na kamati yake. Mwafrika hakuwa na upande wowote katika mechi hizo.

Baada ya uhuru Wazungu wengi waliondoka, na klabu za Waasia ndizo zilizoibeba kriketi mgongoni. Ukweli usemwe, bila wao mchezo ungekufa. Timu ya Afrika Mashariki, iliyochanganya Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilicheza Kombe la Dunia la kwanza kabisa, lile la 1975 kule Uingereza, chini ya nahodha Harilal Shah. Walipoteza mechi zote tatu. Mwaka 1981 Kenya ikaingia kwa jina lake katika Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, kama mwanachama mshiriki, yaani mwanachama wa daraja la chini.

Chombo kilichoendesha mambo kiliitwa Kenya Cricket Association, KCA. Kwa kweli kilikuwa muungano wa klabu. Viwanja vya Nairobi Gymkhana, Aga Khan, Ruaraka, kule Pwani Mombasa Sports Club, vilikuwa mali ya klabu, si ya chama. Chama kilikuwa na mihuri na barua, klabu zilikuwa na nyasi. Wekeni hilo akilini, tutalirudia.

Wavulana wa kando ya uwanja

Sasa, kando ya viwanja hivyo vya Nairobi walikuwepo wavulana wa Kiafrika waliokuwa wakitazama. Kutazama kukawa kuokota mipira, kuokota mipira kukawa kucheza. Huko ndiko walikotoka ndugu wa familia ya Tikolo, akina Odumbe, akina Suji, akina Obuya. Hakukuwa na mpango wa chama uliosema tuwatafute hawa. Walijileta wenyewe, na klabu zilipoona wanacheza vizuri ziliwapa nafasi. Baada ya miaka kadhaa, timu ya taifa ilikuwa na sura nyingine kabisa.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ikacheza na West Indies. Sisi tulipata mikimbio 166 tu (mikimbio ndiyo alama za kriketi, kwa wale wa uhandisi). Jamaa wakajua wamekwisha shinda. Rajab Ali akamtoa Brian Lara, mpigaji aliyeogopwa dunia nzima, mpira ukadakwa na Tariq Iqbal nyuma ya wiketi. West Indies wote wakatoka kwa 93. Nahodha wetu alikuwa Maurice Odumbe. Miaka miwili baadaye, Mei 1998, tukaifunga India kwao Gwalior. Mwaka 2000 Nairobi ikaandaa mashindano makubwa ya ICC pale Gymkhana na mataifa yote makubwa yakaja.

Halafu 2003. Kombe la Dunia liliandaliwa na Afrika Kusini pamoja na Zimbabwe na Kenya. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, tukapewa pointi za bure. Hili lazima niliseme, maana wapo watakaolitumia kutudharau. Lakini Sri Lanka walikuja, na tarehe 24 Februari tuliwafunga kwa mikimbio 53, Collins Obuya akichukua wiketi tano kwa 24. Tukaifunga Bangladesh, tukaifunga Zimbabwe. Asif Karim, mtu wa Mombasa aliyekuwa ameshastaafu akaombwa arudi, aliwarushia Australia mipira wakashindwa kuelewa: wiketi tatu kwa mikimbio saba. Australia walishinda siku hiyo, lakini waliondoka wakikuna vichwa. Tarehe 20 Machi tukasimama mbele ya India katika nusu fainali. Tulipoteza kwa mikimbio 91. Hakuna nchi nyingine isiyo mwanachama kamili wa ICC iliyowahi kufika hapo, hadi leo.

Mjomba wangu, aliyekuwa akiishi Pangani wakati huo, huniambia watu walisimama nje ya maduka ya televisheni wakitazama mchezo ambao sheria zake hawakuzijua. Walikuwa wanauliza tu, "Sisi ni wapi hapo?" na wakionyeshwa walipiga makofi.

Kilichofuata ushindi

Hapa ndipo swali la jamaa wa uhandisi linaanza kujibiwa. Mtu akikuambia kriketi ya Kenya iliuawa na ICC, ana sehemu ya ukweli. Bangladesh, tuliokuwa tukiwafunga, walipewa uanachama kamili mwaka 2000, na uanachama kamili ndio unaoleta mechi na fedha nyingi. Mataifa makubwa hayakutaka kuja kucheza nasi. Baada ya mashindano ya Uingereza ya Septemba 2004, Kenya ilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila mechi rasmi ya siku moja, hadi Februari 2006 ilipokwenda Zimbabwe. Timu iliyofika nusu fainali ilikaa nyumbani ikinyauka.

Lakini jirani hakuvunjii nyumba peke yake kama mlango umeuacha wazi. Mwaka 2004 wachezaji waligoma kwa ajili ya malipo. Mwaka huo huo Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano na mtu wa kamari. Viongozi wa KCA walishutumiana hadharani, mashtaka yakafuata mashtaka, wadhamini wakakimbia. Sitaingia katika nani alifanya nini, hiyo ni kazi ya mahakama na si ya kamanda wa kibodi kama mimi. Ninachotaka kuonyesha ni umbo la chombo chenyewe.

Tazameni. Waliopiga kura ni klabu chache, nyingi za Nairobi. Wale wavulana wa kando ya uwanja waliokuwa wameibeba nchi hadi Durban hawakuwa na kura, labda mmoja mmoja kupitia klabu yake. Chama hakikuwa na uwanja wake, kwa hiyo hata fedha zilipokuja hazikuwa na mahali pa kukaa. Zikija leo, kesho zimekwisha. Na chini ya timu ya taifa hakukuwa na ngazi: hakuna ligi ya mikoa yenye nguvu, hakuna mpango wa shule wa kueleweka. Steve Tikolo na wenzake walikuwa tunda la bahati, na chama kikafikiri ni shamba.

Jina jipya, 2005

Mwaka 2005 waziri wa michezo wa wakati ule, Ochillo Ayacko, akauvunja uongozi wa KCA. Wakaburutana mahakamani. Mwishowe kikazaliwa chombo kipya, Cricket Kenya, mwenyekiti wake akiwa Samir Inamdar. Katiba mpya, vyama vya mikoa vikapewa nafasi mezani, mishahara ya wachezaji ikaanza kupangwa. Roger Harper wa West Indies akaja kuwa kocha. Na mambo yalionekana kweli kwenda: Februari 2007 Kenya ilishinda daraja la kwanza la ligi ya dunia ya kriketi, hapa hapa Nairobi, kwa kuifunga Scotland katika fainali.

Nikasoma mpaka hapo nikafurahi. Nikasema, kumbe dawa ni katiba! Nikataka hata kukata kipande hicho nikakisome Jumamosi. Bahati nzuri sikuishia hapo.

Septemba 2007, katika Kombe la Dunia la kwanza la ova ishirini, Sri Lanka walitupiga mikimbio 260, na siku chache kabla New Zealand walikuwa wametutoa wote kwa 73. Kombe la Dunia la 2011 tulipoteza mechi zote sita, moja yao mjini Chennai tulipotolewa wote kwa 69. Waliokuwa nguzo mwaka 2003 ndio waliokuwa bado nguzo 2011, na Tikolo alistaafu akiwa na miaka karibu arobaini. Miaka minane imepita na nyuma yao hakuna mtu wa kuwapokea!

Mwaka huo wa 2011, ofisi ya Cricket Kenya, chini ya ofisa mkuu Tom Sears, ilijaribu jambo ambalo mimi naliona ndilo lililokuwa la maana kuliko yote. Walianzisha ligi ya Afrika Mashariki ya timu za maeneo: Coast Pekee, Rift Valley Rhinos, Northern Nomads, Kongonis, na mbili kutoka Uganda. Shabaha ilikuwa mchezaji bora asitegemee tena klabu yake ya Nairobi, apate mechi ngumu chini ya mwavuli wa taifa. Ligi ile haikudumu. Ilihitaji fedha ambazo chama hakikuwa nazo, na ilihitaji viwanja ambavyo ni vya klabu zile zile zilizokuwa zikipunguziwa nguvu. Fikirieni mwenyewe: unamwomba mtu akukopeshe shoka ukate mti wake.

Oktoba 2013, mjini Sharjah, Afghanistan wakatufunga na kuchukua tiketi ya Kombe la Dunia la 2015. Januari 2014 tukapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja, hadhi tuliyokuwa nayo tangu 1996. Februari 2018, nchini Namibia, tulimaliza wa mwisho. Nahodha Rakep Patel akajiuzulu, kocha Thomas Odoyo, shujaa wa 2003, akajiuzulu, na rais wa chama, Jackie Janmohamed, mwanamke wa kwanza kuongoza kriketi ya Kenya, naye akajiuzulu.

Katikati ya hayo kulikuwa na Sheria ya Michezo ya 2013 iliyotaka kila chama kijisajili upya na kifuate mpangilio wa kaunti. Kwa kriketi swali likarudi lile lile la zamani kwa koti jipya: nani apige kura? Kaunti, ambazo nyingi hazina hata gongo moja la kriketi, au klabu, ambazo zina viwanja lakini ziko mji mmoja? Ukizipa kaunti kura unapata wajumbe wasio na wachezaji. Ukizipa klabu unarudi KCA. Wakabishana miaka, na kila mwaka wa kesi ni mwaka ambao mtoto wa miaka kumi na minne hakucheza.

Wenzetu wa Afrika Kusini

Nikajiuliza kama hili ni tatizo letu tu au ni la vyama vyote vya namna hii. Nikaangalia Afrika Kusini, nchi yenye fedha na viwanja. Huko mgogoro wa bonasi zilizolipwa baada ya ligi ya India kuchezewa kwao mwaka 2009 ulizaa kamati ya Jaji Chris Nicholson. Mwaka 2012 jaji akasema wazi: bodi iwe ndogo, wengi wawe watu huru wasiotoka katika vyama vya majimbo. Waliotakiwa kupitisha mageuzi hayo ni wale wale ambao mageuzi yangewaondoa. Wakapitisha nusu nusu.

Miaka minane baadaye, Oktoba 2020, bodi nzima ilijiuzulu kwa kashfa nyingine ya uongozi mbovu. Bodi ya muda ikawekwa, kwanza chini ya Jaji mstaafu Zak Yacoob. Hata hapo baraza la majimbo liligoma kupitisha katiba mpya, mpaka Aprili 2021 waziri Nathi Mthethwa alipotangaza kuiondolea kriketi utambuzi wa serikali, maana yake timu isingeweza kuitwa ya taifa. Ndani ya siku chache wakakubali. Juni 2021 bodi yenye wajumbe huru wengi ikaanza kazi. Ushauri wa 2012 ulitekelezwa 2021!

Na njia hiyo ya waziri ina miiba. ICC hairuhusu serikali kuingilia vyama, iliifungia Zimbabwe mwaka 2019 na Sri Lanka mwishoni mwa 2023. Kwa hiyo huwezi kukaa ukisubiri waziri aje na nyundo kila mara. Nyundo inavunja, lakini kujenga ni kazi ya walio ndani.

Basi ilienda wapi?

Kuna watakaosema hatukuwa na fedha, basi. Lakini Afghanistan waliingia ICC mwaka 2001 wakiwa na vita nyumbani, na 2017 wakawa wanachama kamili. Na kama mnaona Afghanistan ni mbali, Uganda je? Hawa wa hapa kando, wenye mashindano yao ya wiki ya kriketi ya shule ambayo yamedumu miaka mingi. Novemba 2023 kule Windhoek waliifunga Zimbabwe na wakafuzu Kombe la Dunia la ova ishirini la 2024. Sisi tulikuwa kwenye mashindano yale yale ya kufuzu. Tukarudi nyumbani.

Jibu langu kwa jamaa wa uhandisi ni hili: haikuenda popote. Ilibaki pale pale ilipokuwa, kwenye klabu chache zenye viwanja, na sisi tukawa tunabadilisha kibao cha mlangoni. Siwalaumu watu wa klabu, wao waliutunza mchezo wakati hakuna mwingine aliyeutaka. Lakini kutunza si kukuza. Chama cha taifa kinabadilika siku ambayo mtoto asiye na mjomba kwenye klabu anapata pa kuchezea, na siku ambayo mchezaji ana sauti katika chumba ambacho fedha zake zinagawanywa. Katiba inaweza kuandika hayo, au inaweza kuandika tu majina ya vyeo.

Sasa rudini nami hosteli. Usiku wa jana nilifungua tena ile rasimu yetu ya katiba mpya. Kurasa kumi na moja. Nembo nzuri, jina zuri, vyeo tisa, kimoja kinaitwa "mratibu wa maono". Nikatafuta ni wapi imeandikwa nani anashika ufunguo wa stoo ya mipira. Haipo. Nikatafuta kama wasichana wa netiboli, ambao ndio pekee walioleta kikombe mwaka jana, wana kura kwenye kamati. Hawana, eti watawakilishwa. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatia sahihi kuipeleka mbele, maana nilifurahia nembo.

Nimemwandikia katibu kwamba naondoa sahihi yangu mpaka vifungu hivyo viwili viingie. Amenijibu kwa neno moja: "Umechelewa." Pengine ni kweli. Lakini Jumamosi nitasimama niseme hivyo hivyo mbele ya watu, na mkiniona mess peke yangu Jumapili mtajua mambo yalivyokwenda.

Mwenye mzazi au mjomba aliyekuwepo Gymkhana siku ya Sri Lanka, tafadhali aniandikie hapo chini alichokiona. Nitawapa habari za Jumamosi, Mungu akipenda. Sasa acha nikafue, maji yamerudi.